Uzi: Nafufua Hilux ya marehemu mzee, imelala chini ya mwembe miaka 9. Mafundi karibuni, wabishi pia karibuni

MwanaMuheza

Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja maana humu najua watu hawapendi kuzungushwa. Mzee wetu alituachia pikapu, Toyota Hilux LN106 ya 1994, injini 3L dizeli, ile foo wili yenye springi za majani mbele na nyuma. Alikuwa anatolea machungwa mashambani huku Muheza mpaka barabarani kwenye malori ya wanunuzi, na msimu ukiisha inabeba chochote, mbao, saruji, wagonjwa, na mara mbili jeneza. Mzee akafariki, gari ikasukumwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, tangu siku hiyo kila ndugu akija msibani au harusini anaizunguka anagonga bodi anasema "hii tutaitengeneza hii", hakuna aliyeleta hata betri. Miaka 9 sasa. Nyasi zimeota kwenye bodi ya nyuma, kuku wa mama wanatagia siti ya dereva, tairi zote chini.

Majuzi akaja jamaa wa chuma chakavu na mizani yake. Mama alishakubali bei kabisa, mi nikatoka ndani na bukta nikamwambia yule jamaa arudi msimu ujao wa machungwa. Kwahiyo hiyo ndio deni yangu, msimu ujao, la sivyo inakatwa vipande.

Mimi sio fundi, ni mwalimu wa sekondari, spana nazijua kwa pikipiki yangu tu. Nina kama milioni 3 lakini sio kwa mpigo, kwa awamu awamu. Kazi nataka nifanyie hapa hapa nyumbani jumamosi na jumapili. Swali langu naanzia wapi? Kesho naazima betri kwa jirani nipige stata nione kama inashika.

Kishoka

Mkuu uza chuma hicho, ongezea hiyo 3M yako kopa na saccos nunua Toyota IST, kagari kadogo. Usije ukasema hukuambiwa

bibi_kahawa

@Kishoka IST itabeba tenga ngapi za machungwa kaka? au atayapanga kwenye dashbodi

fundi_nozeli

MWALIMU USIPIGE STATA. Weka hiyo betri chini kwanza unisikilize.

Injini iliyolala miaka 9 kuta za silinda zimekauka na ringi za pistoni inawezekana zimeshikana na kutu. Ukiipiga stata kwa nguvu unavunja ringi au unaikwaruza silinda, injini ambayo ingepona unaiua wewe mwenyewe kwa kiherehere cha dakika moja. Fanya hivi. Toa plagi za joto zote 4 (zile za kupashia, fungua pole pole maana zikikatikia kwenye hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, utanitafuta ukilia). Kwenye kila tundu mimina oili ya giaboksi otomatiki iliyochanganywa na dizeli kidogo, kama kikombe cha kahawa kile kidogo. Iache siku 4 au 5. Kisha ingia mbele na spana uzungushe bolti ya pulei ya krenki kwa MKONO, sio stata. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili subiri tena. Ikizunguka raundi mbili kamili bila kugota popote, hapo ndio njoo tuongee.

Na wakati unasubiri, chomoa oili ya chini ya injini uangalie imetoka na rangi gani. Ikiwa nyeusi ni sawa, ikiwa kama chai ya maziwa basi maji yameingia na story ni nyingine. Hedi za hizi injini za L zikichemshwa zina tabia ya kupasuka katikati ya valvu. Mzee aliwahi kuichemsha?

Mpwani254

Msikize huyo fundi buda. Mimi niko Mombasa, babangu alikuwa na Peugeot 404 pikap, ndugu yangu akaijampi stata baada ya kukaa miaka mingi, ringi zikavunjika mbili. Hadi leo iko hapo nyuma imekuwa kiti ya wazee. Weka picha bana

MwanaMuheza

Shikamoo fundi, na asante, betri nimerudisha kwa jirani. Kuhusu kuchemka mama anasema iliwahi kuchemka mara moja mlimani njia ya Amani lakini mzee alisimama hapo hapo akakaa mpaka ikapoa, mama anakumbuka kwasababu walilala njiani.

fundi_nozeli

Marahaba mwalimu. Mzee alikuwa na akili. Wengi wanamimina maji ya baridi kwenye injini ya moto ndio hedi inapasuka.

MwanaMuheza

MREJESHO WA KWANZA

Wiki mbili zimepita. Kwanza usafi, maana sikuamini. Ndani ya kibebeo cha filta ya hewa kulikuwa na kiota cha panya kimejazwa sufi, vipande vya godoro na mbegu za machungwa zilizotafunwa nusu nusu, nimejaza ndoo ndogo nzima. Ekzosi nyigu wamejenga udongo kwa ndani mpaka imeziba, nimegongea nondo. Nyuma ya siti nimekuta tenga dogo, jeki na shuka la mzee la kulalia njiani, yote yameliwa na mchwa kasoro jeki.

Oili imetoka nyeusi kama lami, hakuna maziwa. Siku ya 5 nikaingia na spana kwenye pulei. Nikavuta, hola. Nikaning'inia, hola. Nikaongeza oili nikaacha siku nyingine 3. Jumapili narudi nikavuta taratibu nikasikia "kritiii" kama mlango wa zamani, ikasogea robo, nikarudisha nyuma, nikasogeza mbele, nyuma, mbele, ikazunguka raundi nzima wakuu!! Nilikaa chini kwenye mchanga nikacheka peke yangu, mama akatoka kuangalia kama nimeumia.

Tangi la dizeli nimelishusha, ndani kuna kitu kama gundi ya brauni inanuka vanishi. Nimelitia kokoto na kipande cha mnyororo na mafuta ya taa, nimelifunga kwenye tairi nikawapa watoto wa jirani walibiringishe uwanjani kutwa nzima kwa buku mbili. Limetoka safi. Sasa nije kwenye stata?

fundi_nozeli

Hapana. Kamba ya taimingi, ile inayolinganisha mwendo wa valvu na pistoni.

3L inatumia kamba ya mpira, na kiwandani inatakiwa ibadilishwe kila kilometa 100,000, ndio maana kwenye dashbodi kuna taa imeandikwa T-BELT. Lakini mpira hauzeeki kwa kilometa tu, unazeeka kwa kukaa. Imekaa miaka 9 imejikunja sehemu moja, ukiiwasha inaweza kuruka meno au kukatika, na ikikatika pistoni zinagonga valvu. Badilisha kamba na beringi yake ya kukazia, zote mbili. Kabla hujatoa ya zamani panga alama za pulei zote tatu, ya krenki, ya kemshafti na ya pampu, piga picha na simu, tia na rangi ya kucha ya shemeji kwenye kila alama.

Hiyo taa ya T-BELT kwenye gari yako inawaka ukiweka swichi?

MwanaMuheza

Fundi hii sasa ni aibu ya familia. Taa haiwaki kabisa, nimefungua dashbodi nikakuta glopu yake IMETOLEWA na tundu limezibwa na kipande cha plasta. Mzee alichoka kuiona.

Spana17

😂😂😂 wazee wetu hawa, taa ikiwaka unatibu taa

MwanaMuheza

Kuhusu kamba naomba nitoe dukuduku. Nilisafiri mpaka Dar, Gerezani pale Kariakoo kwenye maduka ya spea, nikauziwa kamba kwenye boksi zuri lina kila nembo na stika ya kung'aa, nikalipa bei ya orijino bila kubisha. Nimefika nyumbani nasugua maandishi kwa kucha, yanatoka kama unga! Nikaipinda kidogo, mzizi wa jino ukaonyesha ufa. Kamba mpya hiyo. Nauli kwenda na kurudi imekufa, na duka nilipopiga simu wakasema "bosi ulikagua ukaridhika". Duka silitaji, sitaki kesi. Nimeishia kuagiza kwa jamaa mwingine kwa kumtumia picha ya ile ya zamani na namba zake. Mkienda kununua sugueni maandishi hapo hapo kaunta, wakinuna wanune.

Mpwani254

Hata Grogan Nairobi ni hivyo hivyo. Mimi naendanga na ile kitu ya zamani mkononi, nalinganisha jino kwa jino mbele ya mwenye duka

AlMaskati

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nafuatilia kutoka Maskati. Huku Hilux za zamani nyingi ni za petroli kwahiyo spea za 3L si nyingi kama unavyofikiri, ila vitu vya bodi, taa, milango, vioo, mashine za kupandishia vioo, vipo kwenye makaburi ya magari na havijaoza kwasababu bara huku mvua ni haba. Kinachooza huku ni mipira na plastiki, jua linakula. Ukihitaji mlango niambie.

MwanaMuheza

Waalaykum salaam kaka. Milango ipo salama, asante, ila mpini wa kushushia kioo cha abiria haupo, mzee alikuwa anatumia koleo.

MREJESHO WA PILI

Kamba mpya imekaa, nimezungusha kwa mkono raundi mbili alama zote zimerudi. Oili mpya, filta mpya ya oili na ya dizeli, rejeta nimeisafisha. Betri nimenunua mpya. Nimepiga stata, injini inazunguka vizuri tena kwa kasi, lakini HAIWAKI. Nimepampu ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka ikawa ngumu, nimelegeza nati za mabomba kwenye nozeli (zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda) nikapiga stata, nozeli zote nne hakuna hata tone. Moshi hakuna. Nimepiga mpaka stata ikapata moto. Fundi wa mtaani amekuja amesema pampu ya dizeli imekufa, anataka laki 7 ya kuifungua. Kabla sijamlipa nimeona niulize.

fundi_nozeli

Usimlipe.

Juu ya pampu, karibu na yanapotokea mabomba ya nozeli, kuna kidude kama kidole gumba kina waya MMOJA. Hiyo ni swichi ya kufunga dizeli. Ukiweka swichi ya gari on inapata umeme inafungua, ukizima inafunga, ndio inavyozimika injini yenyewe. Haina umeme = hakuna dizeli inayopita, hata ukipiga stata mwaka mzima. Fanya hivi, weka swichi on bila kuwasha, chomoa huo waya na uguse tena. Ukigusa lazima usikie "tak". Hakuna "tak", chukua waya kutoka betri moja kwa moja uguse pale.

Injini nzuri, kamba sawa, dizeli safi, alafu mtu anarukia kufungua pampu. Mafundi wa hivi wanatuharibia jina.

MwanaMuheza

Fundi.

Hakukuwa na waya. Yaani kofia ya plastiki ipo imevaa vizuri kabisa lakini ukiivuta waya nyuma yake umekatika, panya ametafuna sentimita kama 10. Nimechukua waya kutoka betri nikagusa, TAK. Nikapampu tena, nikalegeza nati, mwanafunzi wangu mmoja kapiga stata, nozeli ya kwanza ikatema mapovu alafu dizeli, ya tatu, ya nne, ya pili. Nikakaza zote. Nikapasha plagi mpaka taa ikazima, nikamwambia piga.

Ikakohoa. Ikakohoa tena. Moshi mweupe ukatoka umefunika mwembe wote, kuku wakaruka uzio, alafu ikashika kwa silinda tatu inatetemeka kama ina malaria, kama nusu dakika hivi silinda ya nne ikajiunga na mlio ukanyooka. Ule ule mlio. Mtu wa Muheza ukimsikilizisha 3L amefumba macho anakwambia ni ya nani. Mzee jirani yetu katoka na kikombe mkononi kasema "karudi?"

Mama hakusema kitu, alikuja akatoa mayai kwenye siti akaondoka nayo.

bibi_kahawa

Mwalimu umeniliza asubuhi asubuhi kazini, bosi anauliza kuna nini

Kishoka

Sawa imewaka. Kuwaka na kutembea ni vitu viwili

Spana17

@Kishoka safari hii nakuunga mkono, na mimi ndio nakuja na habari mbaya.

Kaka mwalimu mimi ni dada mchomeleaji, nina kibanda changu Tanga mjini, kazi yangu kubwa ni chesisi za pikapu za samaki za Pangani. Maji ya chumvi ya samaki yakidondokea chesisi usiku na mchana inaoza kama biskuti kwenye chai. Ya kwako haikubeba samaki lakini imekaa chini ya mwembe, majani yameoza juu ya chesisi miaka 9, unyevu haujatoka. Chukua nyundo ndogo. Ingia chini, anza mbele, gonga reli, vile vyuma viwili virefu vya chesisi, sentimita kwa sentimita. Chuma kizima kinalia ting ting. Ukifika juu ya ekseli ya nyuma, pale reli inapopanda kama nundu, gonga polepole usikilize. Pia sehemu springi zinaposhikia na pale kebini inapokalia. Njoo uniambie umesikia nini.

MwanaMuheza

Ting ting ting ting mpaka nyuma ya kebini. Juu ya ekseli upande wa kushoto: puf. Nyundo imeingia. Nimeingiza kidole nikatoa udongo mkavu na majani kiganja kizima. Tundu ukubwa wa mfuniko wa chupa ya soda, na kuzunguka lile tundu chuma kinabonyea ukikibonyeza kwa bisibisi. Upande wa kulia imebabuka ila haijatoboka.

Kishoka

Ndio hapo nilipokuwa nasubiri. Chesisi ikioza gari imekufa wakuu, hata uimbe

Spana17

Tundu kama mfuniko wa soda sio kifo kaka Kishoka, nimeshaponya makubwa zaidi. Ila kuna namna ya kuchomelea na kuna namna ya kuua watu.

Kwanza unakata nje chuma chote kilichooza mpaka ukifika kwenye chuma kinachong'aa. Usichomelee kiraka juu ya kutu, moto unashika nje tu ndani hakuna kitu. Kiraka kiwe unene sawa na chesisi, ukitia bamba zito kupita kiasi unahamishia mpasuko pembeni yake. Na hii ndio wengi wanakosea: usikate kiraka mraba ukachomelea mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini ya reli. Huo mstari ndio chesisi itakapokatikia siku umebeba. Kata kiraka ncha zake ziwe za mshazari, kama umbo la kashata, ili weld isambae kwenye urefu. Flanji (kingo za reli) za juu na chini ndizo zinabeba mzigo, usizitoboe toboe. Kabla ya kuchomelea chomoa betri na waya za alteneta, na lile tangi la dizeli liwe mbali kabisa sio "pembeni kidogo".

Na namba ya chesisi iko reli ya kulia mbele, hapo asiguse mtu na grainda. Ukiifuta hiyo namba unatafuta polisi mwenyewe.

AlMaskati

Kwanini asinunue chesisi nzima iliyotumika akahamishia bodi?

wakili_wa_mtaa

@AlMaskati kwasababu kadi ya gari inasoma namba ya chesisi ya zamani. Ukibadilisha chesisi umebadilisha gari lenyewe kwa macho ya TRA, mamlaka ya mapato. Injini ukibadilisha unaenda kuitolea taarifa kadi inarekebishwa, hata rangi ukibadilisha inatakiwa isomeke kwenye kadi. Chesisi ni kesi ndefu.

Halafu mwalimu kuna kitu hujakisema. Kadi ina jina la nani?

MwanaMuheza

La mzee bado.

wakili_wa_mtaa

Basi kabla hujamwaga hela zaidi kaa na ndugu zako. Gari ya marehemu ni mali ya mirathi, sio ya aliyeshika spana. Mkae kikao cha ukoo mmchague msimamizi, muandike muhtasari, mpeleke na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, msimamizi akishateuliwa ndio anasaini kuhamisha umiliki kwenda kwa mtakayekubaliana. Nimeona ndugu wanagombania gari siku ilipowaka, ilipokuwa na kuku hakuna aliyeitaka.

Afueni moja, ile rodi laisensi ya kila mwaka ilifutwa 2017, kwahiyo gari kulala sasa hivi hakuzalishi deni hilo kama zamani.

MwanaMuheza

Wakili umenigusa penyewe. Tangu niweke picha kwenye grupu la familia kaka yangu wa Dodoma ambaye hajapiga simu miezi 6 ameuliza "gari yetu inaendeleaje". Kikao tumekaa, mama ndio kachaguliwa msimamizi, na imekubaliwa gari iandikwe jina la mama. Mi sina neno, spana zangu ninazo.

Chesisi nimempelekea dada Spana17, au niseme kaja yeye na jenereta yake maana gari haina breki za kuifikisha Tanga. Kiraka cha kashata kimekaa pande zote mbili, tumepiga redokisaidi, rangi ya kuzuia kutu, na juu rangi nyeusi.

MREJESHO WA TATU, HUU NI WA KUJISHITAKI

Breki. Niliona mambo marahisi, nikabadilisha brekishu za nyuma na pedi za mbele, nikatia oili mpya ya breki, nikamuweka mwanafunzi akanyage pedo mpaka chini nikatoa hewa magurudumu yote. Pedo ikawa ngumu safi. Nikaenda na kurudi kwenye njia ya shamba mara 3, safi. Mara ya nne naitelemsha kwa mama mdogo, kale kamteremko ka kisimani, nakanyaga pedo inashuka TARATIBU mpaka sakafuni kama unakanyaga mkate. Nikapampu, hola. Hendbreki haijaunganishwa. Nikaingiza gia ya kwanza nikaielekeza kwenye migomba, migomba mitatu imelala ndio ikasimama. Kisimani walikuwepo akina mama na ndoo. Mpaka naandika hapa mikono inatetemeka.

Oili haijavuja popote. Nimekosea wapi?

fundi_nozeli

Umekosea pale pale watu wote wanapokosea, na mimi nimekosea kutokukuuliza.

Masta silinda, ile inayosukuma oili ya breki ukikanyaga pedo. Kwa miaka pistoni yake ilikuwa inatembea sehemu fupi tu. Sehemu ya mbele ambayo haifikiwi imekaa na kutu na uchafu. Ulipomwambia kijana akanyage mpaka mwisho, zile kofia za mpira zimepita juu ya kutu zikachanika. Oili haitoki nje, inapita ndani kwa ndani, ndio maana pedo inazama taratibu na chini hakuna tone. Weka masta mpya, sio seti ya mipira tu. Silinda ndogo za magurudumu ya nyuma fungua zote, hozi zote za mpira badilisha, zikizeeka zinavimba kwa ndani ukiachia pedo breki inabaki imeshika. Siku nyingine ukitoa hewa kwenye gari ya zamani weka kipande cha mbao chini ya pedo isifike sakafuni. Na oili iwe DOT 3 kama ilivyoandikwa kwenye mfuniko, nimeshakuta watu wametia haidroliki, mipira inavimba kama maandazi.

Kingine, kwenye ekseli ya nyuma kuna fimbo inaunganisha ekseli na valvu kwenye chesisi. Ile inapima mzigo, gari ikishuka kwa uzito inaongezea breki za nyuma. Nyingi humu mtaani imekatwa au imefungwa kwa waya. Hakikisha inacheza.

Na Amani usipande mpaka nikwambie. Ile njia kupanda injini inatosha, kushuka ndio mtihani.

MwanaMuheza

Fimbo imefungwa kwa waya wa uzio fundi. Nimeifungua.

bibi_kahawa

mzee alikuwa na majibu yake kwa kila kitu huyu 😂 plasta, koleo, waya wa uzio

MwanaMuheza

MREJESHO WA MWISHO KWA SASA, nimechelewa kwasababu ya mitihani ya kidato cha nne.

Breki nimezifanya upya zote kama alivyosema fundi. Ekseli ya mbele, sili za ndani ya nako (maungio ya kukatia kona) zilikuwa zimekufa, oili ya difu imechanganyika na grisi imekuwa uji wa kijivu, nimeosha, nimetia sili mpya na grisi mpya, usukani uliokuwa unatikisika umetulia. Waya zilizotafunwa nimezibadilisha moja moja, hiyo kazi imekula jumapili 4 na hakuna mtu atakayeiona.

Rangi sijapiga. Fundi rangi mmoja alitaka kupaka puti juu ya kutu ya sakafu nikamwambia asante. Nimekata sakafu upande wa dereva tumechomelea bati, nimepiga praima, gari sasa ina rangi 3, nyeupe ya zamani, kijivu cha praima na nyekundu ya redokisaidi. Rangi ni msimu mwingine.

Hesabu: imefika milioni 3 na laki 4. Kilichokula hela nyingi ni tairi na breki, injini yenyewe haijafika hata laki 6 pamoja na ile kamba feki. Kile kioo bado nashusha kwa koleo, nimeamua liwe lile lile la mzee.

Jana tumetoa tenga za kwanza. Sikujaza, springi za nyuma zimechoka kidogo upande wa kulia. Jamaa wa chuma chakavu tumepishana naye barabarani na mizani yake nyuma ya baiskeli, kanipungia mkono.

fundi_nozeli

Mwalimu baada ya kilometa 500 kaza tena yubolti za springi na uangalie kamba. Oili ibadilishe mapema safari hii, itakuwa imebeba uchafu wa miaka 9. Amani sasa unaruhusiwa, bila mzigo.

Kishoka

Mwalimu hongera bwana, nimekubali. Samahani nje ya mada, nina shemeji yangu ana machungwa yake huko huko Muheza, malori yanamringia. Kupeleka Tanga mjini tenga 20 unachukua bei gani?

MwanaMuheza

Muulize mama, funguo anazo yeye.